Tiba shufaa: Sera imo Nairobi, mgonjwa yuko Kabuchai

MGONJWA wa saratani anayeruhusiwa kutoka hospitali kubwa ya Eldoret kwa sababu madaktari hawana tena la kumfanyia hurejea kijijini akiwa na karatasi, dawa za siku chache, na maumivu. Iwapo ni mkazi wa eneobunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, waliomtibu sasa wako umbali wa takriban kilomita 100 kutoka kwake. Ni nani serikalini anayewajibika kwake kuanzia siku hiyo? Swali hilo lina jibu fasaha katika vitabu vya sheria, lakini mashinani jibu lake ni la kubabaisha.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi kwa kuitaja tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa makali ya maradhi yasiyotibika, sambamba na kinga na matibabu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo wa kitaifa kuhusu huduma hiyo. Kisha ikaja sera ya kitaifa ya kati ya mwaka 2021 na 2030. Kwa upande wa makaratasi, basi, Kenya haina la kuonea haya.

Ila huduma yenyewe haikuanzishwa na serikali. Hospisi ya Nairobi ilifungua milango yake mwaka 1990, na nyingine zikafuata katika miji kama vile Nyeri, Eldoret, Kisumu na Mombasa, nyingi zikitegemea wahisani, makanisa na moyo wa wauguzi wachache. Serikali ilijongea kwa kuchelewa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaoteseka kwa maumivu humu nchini, na kusema kuwa ni hospitali saba tu za umma, kati ya takriban 250, zilizokuwa na mofini ya kunywa. Ndipo mipango ya kuingiza tiba shufaa katika hospitali kuu za mikoa ilipopata kasi.

Kasi hiyo ilikutana na ugatuzi. Tangu mwaka 2013, Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali kuu sera na hospitali za rufaa za kitaifa, huku hospitali, zahanati na maduka ya dawa ya umma yakiwa chini ya kaunti. Matokeo yake ni kwamba anayeandika sera hana zahanati, na mwenye zahanati hakuiandika sera. Gavana hawezi kushtakiwa na wapiga kura kwa kukosa kutekeleza kijitabu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona.

Kabuchai, iliyomegwa kutoka Sirisia kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, ina wadi nne: Kabuchai/Chwele, West Nalondo, Bwake/Luuya na Mukuyuni. Hospitali yake inayofahamika zaidi iko Chwele, penye soko linalovuta wafanyabiashara kutoka kila pembe ya magharibi. Kwa uzazi, malaria na majeraha ya bodaboda, mkazi anajua aende wapi. Kwa mtu anayekufa polepole kwa saratani ya koo au ya mlango wa kizazi, ramani inaishia njiani. Jamaa huchangisha fedha za kumpeleka Eldoret au Kitale, na zikiisha, huanza kuchangisha za mazishi. Inasikitisha kwamba mchango wa pili ndio hukamilika upesi zaidi.

Dawa yenyewe si ya bei ghali. Mofini ya kunywa hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji, na mgonjwa hunywa kipimo kidogo kila baada ya saa nne akiwa kitandani kwake. Tatizo ni namna nchi inavyoiagiza. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, kila taifa hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya kila mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, yenye makao yake Vienna. Makadirio hayo kwa kawaida huegemea kiasi kilichotumika miaka iliyotangulia. Sasa tazama: mgonjwa wa Nalondo anayekufa nyumbani bila kuandikiwa mofini haongezi hata gramu moja katika hesabu ya matumizi. Maumivu yake hayakuandikwa popote, kwa hivyo mwaka unaofuata yanahesabika kana kwamba hayakuwapo. Uhaba unageuka ushahidi kuwa hakuna uhitaji. Hapa ndipo upangaji wa serikali unapojikwaa, na wala si kwa ukosefu wa fedha pekee.

Hofu nayo imechangia. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ilipopitishwa ilitoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa walanguzi. Matumizi ya kitabibu yanaruhusiwa, lakini mhudumu wa zahanati ya kijijini, ambaye hajafundishwa kuitumia mofini, huona heri asiwe nayo kabatini kuliko kuulizwa maswali.

Mfano ulio karibu uko ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi kutoka Chwele kupitia Lwakhakha. Uganda, ambako Dkt Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004 na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Mgonjwa haitozwi malipo. Kenya haijapitisha sheria iliyo wazi kiasi hicho, ilhali katika vituo vya mashinani daktari ni adimu na muuguzi ndiye anayemjua mgonjwa kwa jina.

Nguvu kazi mpya ipo. Mwaka 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wanaingia nyumba kwa nyumba. Kuwaagiza waandike pia ni nani anayeumwa kitandani, na kwa muda gani, hakungehitaji jengo wala zabuni, na kungeipa kaunti takwimu ambayo Vienna inaisubiri bila kujua.

Kuhusu malipo, bima ya NHIF ilizikwa mwaka 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yenye hazina maalumu ya magonjwa sugu na mahututi. Muundo huo bado unamtazama mgonjwa aliyelazwa hospitalini kuliko aliye kwake nyumbani. Wakati huohuo, kusitishwa kwa misaada ya Marekani mapema mwaka 2025 kulitikisa miradi ya ukimwi, ambayo ndiyo iliyozoesha vijiji vingi huduma ya nyumbani tangu awali.

Kwa Bungoma, yenye watu 1,670,570 kwa hesabu ya mwaka 2019, mtihani ulio karibu ni wa bajeti. Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unafikia kikomo mwaka 2027, na utakaofuata ndio wa mwisho kuandikwa kabla ya sera ya kitaifa kumaliza muda wake mwaka 2030. Madiwani wa wadi nne za Kabuchai wana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuupitisha: tiba shufaa imetengewa shilingi ngapi kwa jina lake, ni chupa ngapi za mofini zilizofika Chwele katika mwaka uliopita, na ni afisa yupi atakayeleta ripoti hiyo bungeni kila robo ya mwaka.