Haro Kuukuu na Shamba la Chakula

Mkulima wa Unyamwezi hana muda mrefu wa kufikiri. Mvua yake huanza Novemba nayo hukoma Aprili, na shamba la mahindi lililochelewa kutayarishwa hukosa zile mvua za kwanza ambazo ndizo hulipa nguvu. Kwa hiyo hatuwashangai hata kidogo wale ndugu, wakulima pamoja na wafanyakazi wa mjini wenye vishamba vyao nje ya Tabora, wanaochangishana fedha ili wanunue haro iliyokwisha tumika. Haro ni ile fremu ya chuma yenye safu za visahani vikali, ambayo trekta huikokota ili kuvunja mabonge yaliyoachwa na plau. Mpya bei yake haishikiki. Kuukuu yapatikana, na muuzaji huisifu sana.

Sisi twasema inunuliwe, lakini inunuliwe na watu waliokwisha patana itafanya kazi katika shamba gani na kwa zamu ya nani. Fedha ya kikundi ikitangulia mapatano hayo, haro itaishia kuwa chuma chakavu chini ya mwembe, au itakuwa mali ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Nchi hii haikuanza jana kununua zana zilizotoka mbali. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na katika biashara ya Wanyamwezi yalikuwamo majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa pande za kaskazini na magharibi. Jembe lilikuwa bidhaa, tena lilikuwa mahari. (Hata neno mtumba, ambalo leo twalitumia kwa vitu vilivyotangulia kutumiwa na wengine, lilikuwa jina la furushi alilobeba mpagazi.) Jembe lile lilipovunjika, palikuwa na mhunzi wa kulifua upya.

Miaka 35 baada ya reli zikaja zana za namna nyingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga, nao ukaenea Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Shabaha ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, yalinunuliwa yaliyokwisha tumiwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa vikafanywa matrekta. Mengi yalifika yamechoka. Vipuri havikutosha, mafundi walikuwa wachache, na kule Kongwa udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukayavunja majembe. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Fedha walikuwa nazo, na wataalamu pia. Udongo hawakuupima vya kutosha, na mashine walizinunua kwa sababu zilikuwapo.

Kikundi cha watu ishirini chaweza kufanya vilevile kwa kiasi chake. Haro ni ndogo kuliko kifaru, bali mchango wa mwalimu au wa mfanyakazi wa reli nao ni mdogo kuliko hazina ya Uingereza, na ukipotea hakuna kitabu cha kuufuta.

Basi anayekwenda kununua aende na fundi, tena kukiwa mchana. Haro iinuliwe juu, kila safu izungushwe kwa mkono, kisha itikiswe. Ikicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Aangalie tundu la katikati ya kisahani pale linaposhika mhimili. Mihimili mingi ni ya mraba, na nati ya mwisho ikilegea kwa muda mrefu tundu huliwa likawa duara. Kisahani cha namna hiyo hakitakaza tena hata nati ikibadilishwa. Halafu achukue futi apime upana wa visahani. Haro huingia ardhini kwa kiasi cha robo ya upana wa kisahani, hivyo kisahani kilichotoka kiwandani na inchi 22 kikiwa kimelika hadi 18, kimepoteza inchi nzima ya kina. Visahani vipana na vyembamba vikichanganywa katika safu moja, vile vidogo hupanda safari tu. Rangi mpya isimdanganye mtu. Rangi ni rahisi kuliko beringi.

Tena, trekta ni la nani? Vikundi vingi havina trekta, hukodi. Mwenye trekta aulizwe kabla ya fedha kutolewa kama haro ile itashika nyuma ya trekta lake na kama nguvu zake zaiweza. Na mwenye robo ekari ajue kwamba trekta lenye haro pana hutumia nusu ya muda wake kugeuka. Yeye yafaa aunganishe shamba lake na la jirani siku ya kulima, au atafute ng'ombe. Zamani mbung'o wa misitu yetu walizuia ng'ombe wengi kukaa huku. Leo wafugaji wengi wamehamia mkoani, na haro ndogo ya meno yaweza kukokotwa na jozi moja ya maksai.

Matumizi nayo yana adabu yake. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, na haro ikipita mara tatu au nne huufanya unga. Mvua kubwa ya kwanza huufinyanga juu ukawa ganda, au huuchukua wote bondeni. Kupita mara moja baada ya plau, au mbili kwa sana, udongo ukiwa na unyevu usioshika kiatu, kwatosha. Penye ndago haro isikimbiliwe, maana hukata na kutawanya vile viazi vyake shamba zima. Wala haro haiondoi kazi ya matuta. Mwenye viazi vitamu na mihogo bado atashika jembe.

Limebaki la zamu, nalo ndilo huvunja vikundi. Katika mkoa wa tumbaku, trekta likifika kijijini mara nyingi huanza na tumbaku, kwa sababu tumbaku ndiyo yenye mkopo na ndiyo yenye kudai. Shamba la mahindi la mama mjane hungoja hata Januari, na mwezi wa nane mama huyo huyo hununua unga kwa fedha ya kuazima. Kama haro ilinunuliwa kwa jina la chakula, ianze na chakula. Zamu iandikwe kabla senti moja haijakusanywa, ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, na mwenye nusu ekari asimame katika mstari ule ule wa mwenye ekari 10. Tumbaku ipewe siku zitakazosalia. Na mwezi wa Mei haro ioshwe, ipakwe grisi, iwekwe chini ya paa, na ufunguo ukae kwa mtu aliyechaguliwa na mkutano.