Kabla hujaivalisha Subaru tairi pana nyuma

Gari lililoshushwa vizuri, rimu pana nyuma na nyembamba kidogo mbele, linapendeza. Hatuna ugomvi na luku. Ugomvi wetu unaanza pale unapochukua mtindo huo na kuufunga kwenye Impreza au Forester, magari ambayo hayakuundwa kuuvaa.

Tairi pana nyuma lina kazi yake kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, na tairi pana linashika lami. Mercedes C-Class ya W204 inaweza kutoka kiwandani na rimu za inchi 17 zenye 225/45 mbele na 245/40 nyuma. Piga hesabu uone ujanja wao: la nyuma ni pana zaidi, lakini kimo cha matairi hayo mawili kinatofautiana kwa milimita sita au saba tu. BMW nyingi na Mark X nyingi nazo husukumwa na nyuma, kwa hivyo mwenye nazo anaweza kupiga luku hiyo mradi saizi zipigiwe hesabu.

Subaru ni ukoo mwingine. Injini inasukuma magurudumu yote manne, na katikati kuna mtambo unaogawa nguvu mbele na nyuma. Mtambo huo unategemea matairi manne yenye kimo kimoja. Sasa fundi anakufungia 215/45 mbele na 245/45 nyuma, zote za inchi 17, eti ndizo zilikuwa zimebaki dukani. La nyuma limezidi kimo kwa milimita 27. Kila mzunguko mmoja linataka kwenda karibu sentimita 8.5 zaidi ya la mbele, hata ukiwa umenyoosha tu Outer Ring kuelekea Thika Road. Mtambo unapata joto, na ipo siku utakata kona polepole uhisi gari limejikaza kama lililoshikwa na breki. Hapo bei ya rimu itaonekana pesa ya chai.

(Na kwa wale wa "Subaru ni gari la rally": Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally 1997 ilikuwa imeinuliwa, si kushushwa.)

Halafu kuna hii tabia ya kukata springi kwa grainda. Springi iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia, na shoki inabaki ikigonga chini kila tuta. Kuipasha moto ili ijishushe ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chuma kinapoteza nguvu yake ya kurudi. Springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako zipo. Ni ghali, ndiyo. Basi ngoja mkwanja utoshe.

Outer Ring ni laini, lakini ingia Tassia ndani mvua ikiwa imenyesha. Ni udongo mweusi, na maji yamefunika mashimo. Ukuta wa tairi la 205/55 una kama sentimita 11. Wa 255/35 unakaribia 9. Hizo sentimita mbili ndizo zingekuokolea rimu.

Ukishafungiwa, usiondoke gereji ukiwa peke yako ndani ya gari. Jaza mabeshte, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha pita kwenye tuta. Ukisikia tairi linasugua bodi, gari hilo halijawa tayari kubeba mtu. Tairi linalosuguliwa hukatika upande wa ndani, mahali ambapo huoni ukiliosha, na linaweza kupasuka mkiwa watano Mombasa Road usiku. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari, matairi yakiwemo, liwe katika hali isiyohatarisha mtu. Na kama bima hawakujua umelibadilisha, umewapa sababu ya kukataa kulipa, huku uliyemgonga kando ya barabara akihitaji matibabu.

Kumbuka pia kwamba matairi ya saizi mbili huwezi kuyahamisha ya nyuma yaende mbele ili yaishe sawasawa. Ya nyuma utayanunua mara nyingi zaidi, na ndiyo ya bei. Kabla hujalipa, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuharakisha usizisome, rudisha simu mfukoni kabla hujabonyeza pini ya M-Pesa.