Watemi wetu walijenga nini?

Ndugu zangu, kuna swali linazunguka sana vijiweni, na safari hii nimeamua kulijibu hapa. Mtu anaona kwenye simu yake picha za ngome za Rajasthan kule India, zile za wafalme wa Kirajputi, halafu anaguna: "Wenzetu wana historia. Sisi huku Usukuma na Unyamwezini watemi wetu walituachia nini? Vijumba vya nyasi!"

Ngome zenyewe ni kazi kubwa, sibishi. Mehrangarh pale Jodhpur ilianzishwa mwaka 1459 na Rao Jodha wa ukoo wa Rathore, na mpaka leo iko juu ya mwamba inautazama mji. Ukoo huohuo ukajenga jumba la Umaid Bhawan kuanzia 1929 hadi 1943. Ukame ulikuwa umewabana watu, mfalme akawapa kibarua cha kujenga. Yaani lile jumba la fahari lilikuwa pia njia ya kulisha wenye njaa.

Sasa turudi kwetu. Mtemi naye alikuwa na shamba na maghala, na mwaka wa njaa watu walitazama ikulu. (Ndiyo, ikulu. Neno hilo tunalolitumia kwa nyumba ya Rais lilikuwa la Wasukuma na Wanyamwezi kabla halijafika Magogoni.) Tofauti ni kwamba mtemi hakuweka mali yake kwenye mawe. Aliiweka kwenye ngoma, kwenye viti vya enzi vya kuchonga, na kwenye watu wanaojua kuzipiga, kuimba na kucheza. Bila ngoma za utawala hakuna mtemi. Hata wale wazee wa baraza waliohusika kumweka mtemi waliitwa banang'oma. Jina lenyewe lina ngoma ndani yake!

Vikundi vya wakulima vililima shamba la mtemi kwa wimbo na jembe kurushwa juu, vikala vya ikulu. Baada ya mavuno Bagika na Bagalu wanashindana, kila upande na manju wake na dawa zake, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Jaji ni miguu ya watazamaji! Bado sijataja wacheza na nyoka wala wawindaji wa nungunungu na nyimbo zao. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo ngome zetu. Ila ngome ya namna hii ina ubaya mmoja. Jiwe hukaa lenyewe miaka 500, lakini ngoma inataka mtu anayelishwa na anayefundisha kijana. Siku akikosekana wa kumlisha, nayo inakufa kimyakimya.

Na wa kumlisha alikosekana. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kwa sheria. Siililii ile sheria. Waingereza walikuwa wamewageuza watemi wengi kuwa watoza kodi wenye mshahara, na nchi mpya haikuweza kuwa na mabwana wawili. Lakini tulipofuta cheo, hatukuuliza ile kazi nyingine ya mtemi, ya kutunza mafundi na wasanii, sasa ni ya nani.

India nao walifanya jambo linalofanana. Mwaka 1971 wafalme wa zamani walinyang'anywa posho na vyeo. Mwaka uliofuata mrithi wa Jodhpur, Gaj Singh, aliiweka ile ngome chini ya wakfu wa makumbusho. Cheo kilikwenda, kazi ikabaki, ikawa na mlango, tiketi na wafanyakazi.

Kwetu kazi hiyo ilimwangukia padri. Pale Bujora, Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, Padri David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza miaka ya 1950 pamoja na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma, viti na vifaa vya watemi. Jengo la watemi pale lina umbo la kiti cha enzi. Na kila Juni, kwenye Bulabo, Bagika na Bagalu wanakutana tena. Namshukuru sana padri, lakini inaniuma kwamba ilibidi awe yeye.

Machifu wenyewe wamerudi, angalau kwenye sherehe. Septemba 2021 walikusanyika hukohuko Kisesa wakamsimika Rais Samia kuwa Chifu Hangaya. Huku Shinyanga kuna Sanjo ya Busiya, wilayani Kishapu, na ni tamasha zuri. Lakini tamasha ni siku chache. Mwaka mzima uliobaki, mpiga ngoma wetu anaitwa akija mgeni wa kitaifa au wakati wa kampeni. Anacheza nusu saa juani, anapewa fulana na soda, anapanda bodaboda kurudi nyumbani. Hayo ni matumizi, si malezi ya sanaa.

Mtaniambia hela hakuna. Hapa Kagongwa? Mji unaoishi kwa mchele na mashine za kukoboa, jirani na Buzwagi iliyozalisha dhahabu mpaka 2021, na Bulyanhulu bado inatoa dhahabu? Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kila mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Miradi tunayoisikia ni madarasa, zahanati na visima. Sawa kabisa, mama mjamzito hasubiri ngoma. Lakini sheria haisemi utamaduni hauruhusiwi. Sisi wenyewe hatujawahi kuuomba.

Ninachoomba ni kidogo. Nyumba moja ya ngoma hapa Kagongwa, ya matofali ya kawaida tu. Fundi mmoja anayejua kuchonga na kuwamba, alipwe kila mwezi kama mwalimu anavyolipwa, awe na vijana watano. Manju mmoja aje shuleni mara mbili kwa wiki. Na wenye mashine za mchele nao wachangie magunia, maana zamani vikundi vya ngoma vililishwa nafaka, na nafaka tunayo. Machifu wetu wa sherehe wawe wadhamini wa wakfu huo na wasaini hesabu zake hadharani, badala ya kuvaa ngozi ya chui mara moja kwa mwaka.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Mapendekezo ya kata yanakusanywa miezi kadhaa kabla. Mimi nitakwenda kwenye kikao cha kata yangu na karatasi yenye hayo matano. Wadau mlioko Kahama, Msalala, Geita, nani anapeleka ya kwake?