Mfupa Kuunga Si Mwisho wa Tiba: Hoja ya Kitegemeo cha Mguu Bondeni Kilombero

Maisha ya bonde la Kilombero husimama juu ya miguu. Kutoka Ifakara hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Malinyi, riziki hutafutwa kwa kulima majaruba, kupandikiza mpunga ndani ya tope, kubeba magunia juu ya matuta membamba na kusukuma baiskeli zenye mizigo. Kifundo cha mguu kinapovunjika kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe au kwa kuteleza shambani, kaya nzima huingia katika mashaka. Ndiyo sababu tiba ya jeraha hilo haipaswi kuhesabiwa kuwa imekwisha siku hogo linapokatwa. Kitegemeo cha mguu, yaani kifaa kinachovaliwa kuanzia unyayoni hadi chini ya goti, kinastahili kuzungumzwa mapema kama sehemu ya matibabu, wala kisiwe bahati ya wachache wanaofika miji mikubwa.

Hali za majeruhi wengi hufanana. Hogo hukatwa, picha ya eksirei huonyesha kwamba mfupa umeunga, na mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi inapita, lakini kila anapokanyaga maumivu huchoma kisiginoni au mbele ya kifundo. Asubuhi hutembea kwa shida, jioni mguu umevimba. Akirudi kulalamika huambiwa kwamba atazoea, au huandikiwa tena dawa za kutuliza maumivu, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuudhuru utumbo na figo. Mwishowe huacha shamba, au hulilima kwa kuchechemea hadi goti na kiuno navyo vianze kuuma. Picha yake ni nzuri, ila mtu mwenyewe hajapona.

Sababu ya maumivu hayo inaeleweka. Mtu anapotembea, kiungo cha kifundo hakibebi uzito wa mwili peke yake. Misuli ya shavu la mguu huvuta kwa nguvu ili kisigino kiinuke, na mvuto huo huongeza mgandamizo ndani ya kiungo hadi kukadiriwa kuwa karibu mara 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, huo ni mgandamizo unaolingana na uzito wa takribani kilo 300 katika kila hatua, na hatua za siku moja ya kazi ni maelfu. Gegedu lililo laini na zima huustahimili mzigo huo. Lililopasuka wakati wa ajali, au linalokaa juu ya mfupa ulioungana vibaya, husagika polepole. Ndiyo maana usagikaji wa kiungo cha kifundo, tofauti na ule wa goti au nyonga, mara nyingi hutokana na jeraha la zamani.

Hapo ndipo kitegemeo kinapofanya kazi yake, na huifanya kwa njia tatu. Kwanza, hupunguza mwendo wa kifundo, hivyo nyuso zilizochubuka hazisuguani sana. Pili, huhamisha sehemu ya mzigo. Ganda lake la juu hukumbatia mguu chini ya pia ya goti, nalo hupokea uzito na kuupitisha kwenye fito za pembeni au za nyuma hadi kwenye soli, bila uzito wote kupita ndani ya kifundo na unyayo. Tatu, soli iliyopinda kama tako la mtumbwi huuwezesha mguu kubingirika kutoka kisiginoni hadi vidoleni bila kifundo kulazimika kukunja. Vitegemeo vya nyuzi za kaboni huongeza jambo la nne: fito ya nyuma hupinda mtu anapokanyaga, kisha hurudi kama upinde na kumsukuma mbele, ikiipunguzia misuli ya shavu sehemu ya kazi yake.

Wazo hili lina umri wa kutosha. Katika miaka ya 1960 daktari bingwa wa mifupa Augusto Sarmiento, akiwa Marekani, alieleza namna ya kufunga hogo fupi linaloegemea chini ya goti ili mgonjwa aliyevunjika mfupa wa muundi aweze kutembea mapema. Miongo kadhaa baadaye, katika hospitali ya kijeshi mjini San Antonio, Texas, kilibuniwa kitegemeo cha nyuzi za kaboni kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa vibaya miguuni. Wengi waliokuwa wakifikiria kukatwa mguu walibadili nia baada ya kukivaa na kufundishwa kwa bidii namna ya kukitumia. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Iowa, zimeonyesha kwamba vifaa vya aina hiyo huweza kupunguza mzigo unaoangukia mguu na kupunguza maumivu. Mafanikio ya wanajeshi hao hayakuletwa na kifaa peke yake, bali na kifaa kilichopimwa juu ya mguu wa mhusika, kikarekebishwa, kikaambatana na mazoezi. Kitegemeo kilichonunuliwa dukani kwa kukisia saizi hakiwezi kudai sifa hizo.

Pingamizi zipo, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kitegemeo huidhoofisha misuli. Hofu hiyo ina msingi pale kifaa kinapovaliwa bila mazoezi. Lakini mgonjwa anayeogopa kukanyaga kwa sababu ya maumivu hudhoofika zaidi, kwa kuwa hatembei kabisa. Pingamizi ya pili ni gharama. Nyuzi za kaboni ni ghali kweli, lakini si lazima kuanza nazo. Plastiki ya polipropilini, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeitumia kwa miaka mingi kutengenezea viungo bandia na vifaa saidizi katika nchi zenye kipato kidogo, hufinyangwa kwa joto, huoshwa kwa maji na haiozi. Haimsukumi mtu kama kaboni, ila inaweza kutuliza kifundo na kupokea sehemu ya mzigo.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba kifaa hiki hakifai kwa mtu wa tope. Ni kweli kwamba kitegemeo kinahitaji kiatu imara, na kwamba jaruba humeza viatu. Jibu lake ni kuanza na kazi ya mgonjwa kabla ya kuchukua vipimo vya mguu. Je, analima mpunga au anashona nguo? Anatembea peku, kwa kandambili au kwa buti za mpira? Je, kifaa kitaingia ndani ya buti hizo? Huenda akahitaji kukivaa njiani, sokoni na katika palizi ya nchi kavu, na kupanga kazi za majini kwa saa chache. Mpango wa namna hiyo ni bora kuliko kifaa kizuri kinachoning'inia ukutani.

Wataalamu wa kuvitengeneza hawapaswi kuwa wageni nchini. Chuo cha kufundishia mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, kilianzishwa Moshi mwaka 1981, na kimefundisha wanafunzi wa Tanzania na wa nchi nyingi za Afrika. Tatizo ni umbali. Ifakara iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, na Moshi ni mbali zaidi. Mgonjwa anayechechemea hawezi kufunga safari hiyo mara tatu, yaani kupimwa, kujaribishwa na kurekebishiwa. Ni rahisi zaidi fundi mmoja kuja bondeni kwa ratiba inayojulikana kuliko wagonjwa thelathini kumfuata mjini. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, vitegemeo vihesabiwe kuwa tiba katika mafao yake, kama zinavyohesabiwa dawa na upasuaji.

Yapo pia yasiyohitaji kusubiri bajeti. Siku ya kukata hogo, mhudumu wa afya aulize maswali matatu: maumivu yako wapi unapokanyaga, kazi yako inakutaka usimame saa ngapi, na ni nini ulichokuwa ukifanya ambacho sasa huwezi? Majibu yaandikwe kwenye faili, na yaulizwe tena baada ya wiki sita. Asiyepata nafuu apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi tiba na kwa daktari wa mifupa kabla kiungo hakijasagika. Maumivu yanayoambatana na homa, usaha au joto kali mguuni yachunguzwe haraka, kwani kitegemeo hakitibu maambukizi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kifaa kipya kivaliwe juu ya soksi safi, kwa saa moja au mbili kwanza, kisha muda uongezwe siku kwa siku. Kila kinapovuliwa, ngozi ikaguliwe. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa ni ishara ya kurudi kwa fundi, si ya kuvumilia. Mwenye ganzi miguuni kwa sababu ya kisukari au ukoma ajihadhari zaidi, kwa kuwa kidonda kinaweza kuanza bila yeye kuhisi chochote.

Mkulima wa Mngeta haendi hospitali ili picha yake ipendeze. Huenda ili arudi kwenye jaruba lake kabla mvua hazijakatika. Mfupa wake ukiunga naye asiweze kulifikia shamba, tiba imekoma katikati ya njia, na ni wajibu wa waliouanza mwendo huo pamoja naye kuumaliza.