Nani Aliwaambia Sindano ni Sindano?

Kwa ploti yetu kila mtu anajua Chapo anadungwa sindano mara mbili kwa siku, na kila mtu ana maoni. Jirani wa juu anauliza kama nimerogwa, ati insulini ya paka na watu hawana unga. Keateka aliniletea gunia, bure kabisa, nimpeleke Chapo sokoni usiku ajitafutie maisha. Halafu kuna msee wa ploti ya pili, mpenda paka kama mimi, aliyeniambia kwa roho safi: "Ukiona sukari iko juu, ongeza dozi kidogo. Wangu nilimfanyia hivyo."

Wale wawili wa kwanza wananiudhi tu. Huyu wa tatu ndiye ataua paka wa mtu, kwa hivyo naanza na yeye.

Kwanza, kwa wale mnaodhani natunga: ndiyo, paka anaugua kisukari. Chapo ni dume, amehasiwa, mnene, anakaa ndani ya nyumba siku nzima akilala juu ya nguo zangu safi. Hao ndio ugonjwa huu unapenda. Alianza kunywa maji kama ngamia, akakojoa mpaka mchanga wake ukawa matope, akala kila kitu na bado mbavu zikaanza kuonekana. Mwishowe akawa anatembea na visigino vya miguu ya nyuma vimelala chini, kama mtu amevaa patapata kubwa kumshinda. Nilicheka, nikamchukua video. Sikujua ni neva zinaharibiwa na sukari. Mkiona hiyo kwa paka wenu msicheke, mpelekeni apimwe.

Daktari alimwanzishia insulini ya wanyama, ile yenye yuniti 40 kwa kila mililita, na sindano zake za U-40. Yuniti moja saa moja asubuhi, yuniti moja saa moja jioni, baada ya kula. Tukaenda hivyo vizuri tu. Halafu hiyo insulini ikakosekana. Daktari akabadilisha, akaandika glargine, insulini ya binadamu yenye yuniti 100 kwa mililita, na akaandika wazi: sindano za U-100. Nikaenda kemisti. Insulini iko, sindano ndogo za U-100 zimeisha. Nikasema lakini niko na za U-40 kwa nyumba. Jamaa wa kaunta, bila hata kuinua macho kutoka kwa simu, akasema, "Sindano ni sindano, bosi."

Mimi sikumaliza chuo, lakini kugawa 100 kwa 40 naweza. Ni 2.5. Siku hiyo sikugawa.

Sindano ya U-40 imechorwa mistari ikidhani dawa iliyo ndani ni ya yuniti 40. Ukivuta insulini ya yuniti 100 mpaka mstari wa moja, kilicho ndani si yuniti moja, ni mbili na nusu. Ukigeuza, yaani insulini ya 40 kwa sindano ya 100, unampa paka chini ya nusu ya dozi, na utashangaa wiki nzima kwa nini sukari haishuki. Macho hayaoni tofauti. Ni tone tu. Nilimdunga hilo tone nikajipongeza kwamba nimeokoa doo.

Saa tano usiku nikasikia mlio sijawahi kusikia. Chapo alikuwa katikati ya nyumba, miguu haimshiki, anagonga kichwa kwa mguu wa kiti, macho yanatazama mahali hakuna kitu. Nikapima: 2.1. Nikampaka asali kwa ufizi na kidole. Kupaka, si kumwaga mdomoni, kwa sababu paka aliyelegea humezi kitu vizuri, kitaingia kwa mapafu. Nikampigia daktari, akashika, Mungu ambariki, akaniambia nipime tena na tena na nikimwona anaweza kumeza nimpe chakula. Tukakesha. Asubuhi na mapema nilikuwa kliniki na yeye kwa kikapu, na aliponiuliza nilitumia sindano gani niliona aibu kumwangalia.

Najua mtasema makosa ni ya jamaa wa kemisti. Yake yako, na nilirudi nikamwambia. Lakini karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu. Niliamini mdomo wa mtu kwa sababu ulisema kile nilitaka kusikia: kwamba kuna njia rahisi. Na hiyo ndiyo shida yetu sisi wote, si ya paka pekee. Tunasoma maelezo ya simu mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini chupa ya dawa tunasoma jina tu.

Sasa turudi kwa yule msee wa "ongeza kidogo". Kidogo ni ngapi, ndugu yangu? Paka wangu ana kilo tano na ushee. Dozi yake yote ni yuniti moja. Ukimwongezea "kidogo" ya yuniti moja, umeizidisha mara mbili. Ndiyo maana kuna sindano za mililita 0.3 zenye alama za nusu yuniti. Nusu! Na hiyo nusu haiongezwi kwa sababu leo asubuhi umeona namba mbaya. Insulini haifanyi kazi kama swichi ya taa. Inashuka polepole, inafika chini kabisa saa kadhaa baada ya sindano, kisha sukari inapanda tena. Namba moja ya asubuhi haikwambii ilifika wapi saa nane mchana ukiwa kwa matatu. Ndiyo maana daktari hutaka vipimo vya siku nzima, kila saa mbili hivi, na baada ya kubadilisha dozi anangoja siku kadhaa kabla ya kuigusa tena. Sukari kuwa juu kwa siku chache itamchosha paka. Ikishuka sana, usiku mmoja unatosha.

Na kupima, tafadhali, mpime nyumbani. Nasikia watu wakisema hiyo ni kazi ya kliniki. Paka akiogopa, sukari yake hupanda yenyewe. Mtie kwa kikapu, mpandishe matatu yenye muziki wa kupasua masikio, mkalishe karibu na mbwa anayenguruma, halafu useme namba uliyopata ni ya kuamulia dozi? Nyumbani unapasha sikio joto kwa kitambaa, unachoma ukingoni, tone linatoka, stripu inanyonya, kwisha. Siku ya kwanza tulilia sote wawili. Siku hizi analala. Jueni tu kwamba vipimo vya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa damu ya paka, kwa hivyo mwambie daktari unatumia gani na usibadilishe ovyo. Ni stripu zinazoniumiza, si insulini.

Kuna mengine nitapita haraka. Ukisahau sindano, usidunge mara mbili baadaye. Ukidunga na hujui kama imeingia ama imemwagika kwa manyoya, acha mpaka zamu inayofuata. Akikataa kula, piga simu kabla ya kudunga. Vidonge vya kisukari vya shosho yako ni vya shosho. Mwarobaini, kaa nao. Insulini iwekwe kwa friji lakini si pale juu penye barafu, ikiganda imekufa.

Chakula nacho kina stori yake. Tumezoea ugali na maziwa, mapaka yakakua hivyo. Lakini paka ni mla nyama kabisa, na wanga mwingi unamsumbua huyu mgonjwa. Wengine wakishikwa mapema, wakapata insulini na chakula cha nyama bila wanga, huacha sindano kabisa baada ya miezi. Inawezekana. Hapo ndipo watu wanachemka: wanabadilisha chakula leo, dozi inabaki ya jana, sukari inaanguka. Ukitaka kubadilisha sahani, daktari ajue kabla ya paka.

Haya, jirani wa juu. Watu hawana unga, ni kweli. Na kuna watu nchini hii wanakosa insulini, hiyo ni kweli inayouma zaidi. Wale waliogundua insulini kule Toronto mwaka wa 1921 waliuzia chuo kikuu haki zake kwa dola moja kila mmoja, wakitaka isiwe mali ya kutajirisha mtu. Miaka mia imepita na bado kuna mama anagawanya dozi ya mtoto wake ifike mwisho wa mwezi. Kasirika. Mimi nimekasirika pia. Lakini chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na Chapo anatumia mbili kwa siku. Niambie ni mtoto gani atapona nikimnyima hizo mbili. Ukijua ofisi ya kwenda kupiga kelele kuhusu bei ya insulini, nigongee mlango, twende. Hujawahi kunigongea kwa hiyo. Unanigongea kwa paka.

Na keateka, rudisha gunia lako. Kama mtu hana pesa ya dawa na stripu, simhukumu. Aende kwa daktari amlaze paka wake usingizi wa mwisho bila maumivu, na alie, hakuna dhambi hapo. Lakini kumtupa sokoni paka wa kisukari si kumpa nafasi. Bila insulini mwili wake unaanza kujila, damu inajaa sumu, anatapika, anakauka, anakufa siku kadhaa baadaye chini ya meza ya nyanya. Wewe hutakuwepo kuona, na ndiyo maana unaita hiyo huruma.

Kama uko na paka wa kisukari kwa nyumba, fungua friji sasa hivi. Soma chupa: imeandikwa yuniti 40 ama 100? Soma pakiti ya sindano: U ngapi? Kama namba hizo mbili hazifanani, usidunge ya saa moja. Piga picha zote mbili, mtumie daktari wako, ungoje akujibu.