Usafi Unaoua

Ndugu zangu wa kalamu, nina ugomvi nanyi, na leo sitaki kumung'unya maneno.

Kila tunapokutana kusomeana kazi zetu, hakosi mmoja mwenye shairi la samaki ndani ya bakuli la kioo. Samaki ni mfungwa na kioo ni serikali. Au samaki ni binti na kioo ni baba yake mkali. Tunapiga makofi, na mimi nami nimeyapiga, sikatai. Lakini hebu niulize swali la kitoto: huyo samaki anaishije humo ndani? Uchafu wake unakwenda wapi? Sijapata mshairi wa kunijibu. Sisi tunashughulika kumpa maana, mwenzetu anakata roho.

Najua ninachosema kwa sababu na mimi ni muuaji. Nilimnunulia mdogo wangu wa kike tangi dogo, lita 54, mtumba lakini kioo kizima, pamoja na samaki kumi na wanne wa rangi rangi. Muuzaji akanishika bega kabisa: "Braza, siri ni usafi. Kila Jumapili mwaga maji yote, sugua kila kitu, weka mapya." Nikaona huyu ndiye fundi. Jumapili tukatoa samaki, tukamwaga maji, tukasugua kokoto kwa stilwaya, tukaikamua ile sifongo ya chujio chini ya bomba mpaka ikarudia weupe wa dukani. Tangi likang'aa! Mama akaita majirani waje waone.

Jumanne asubuhi samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanatweta kama watu waliokimbilia daladala. Kufika mwisho wa mwezi walibaki wawili. Na kila walipokufa tulizidi kusafisha, maana tuliamini uchafu ndio unaowaua. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, tunakosea wapi na sisi tunasafisha kila siku?" Sikuwa na jibu. Mtu mzima, mwandishi, msomaji wa magazeti, sina jibu!

Jibu ninalo sasa, na lazima mlisikilize hata kama halina vina. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake (matamvua, kama alivyotufundisha mwalimu wa baiolojia tukiwa tunasinzia). Amonia ni sumu, na haionekani. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa na yakawa yanaunguza mashavu ya samaki. Ziwani maji ni mengi, sumu inapotea. Ndani ya lita 54 haina pa kwenda.

Kinachomwokoa samaki ni bakteria. Wapo wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, nayo ni sumu vilevile, inaizuia damu kubeba oksijeni. Kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi mno. Hawa wa pili, vitabu kwa miaka mingi viliwaita Nitrobacter, na watu wakakariri. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakachungulia matangi ya maji baridi wakakuta wanaofanya kazi ni jamii ya Nitrospira. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimemtaja siye! Basi usione ajabu muuzaji wa kandokando ya barabara naye akikosea.

Sasa, bakteria hao wanakaa wapi? Ndani ya maji ni wachache tu. Wamejibandika kwenye kokoto, kwenye mchanga, kwenye kioo, na zaidi ya kote kwenye ile sifongo chafu ya kahawia inayotutia kinyaa. Ule utelezi ndio wao. Mimi kila Jumapili nilikuwa nawapeleka kwenye karo, wakifika huko wanakutana na klorini ya bomba, iliyotiwa makusudi iue bakteria. Halafu narudisha samaki wote kumi na wanne kwenye tangi lisilo na mfanyakazi hata mmoja. Kuwajenga upya kunachukua wiki nne mpaka sita. Mimi niliwapa siku saba, nikawamwaga tena.

Ndiyo maana nasema usafi huu unaoua ni ubishoo. Ni usafi wa mgeni aone. Tunasafisha kwa ajili ya macho yetu, wala samaki hakutuomba. Ipo saluni moja naijua, sitaitaja, ina bakuli la duara la ukubwa wa sufuria ya chai, na ndani mna samaki wa dhahabu. Kila nikienda kunyoa namkuta mwingine. Dada mwenye saluni hana roho mbaya hata kidogo. Yeye anaamini samaki wa namna ile huishi wiki tatu, basi, ndivyo walivyoumbwa. Kumbe Uingereza alikuwapo mmoja, jina lake Tish, aliyepatikana kwenye michezo ya sherehe mwaka 1956 akafa mwaka 1999. Miaka 43! Wengi wetu humu hatujaifikisha. Na samaki huyo akitunzwa hukua akazidi sentimeta 20. Mji wa Roma ulipiga marufuku mabakuli ya duara mwaka 2005. Sisi bado tunayaandikia mashairi.

Hapa najua atainuka mjuaji aseme: watu hawana maji ya kunywa, wewe unalilia samaki! Vizuri, tuje kwenye maji. Kumwaga lita 54 kila wiki ni karibu ndoo tatu kubwa za lita 20. Kubadilisha robo tu, kama inavyotakiwa, ni lita 13 na kitu, ndoo moja haijai. Na hayo unayoyatoa yana nitrati, yaani mbolea; mama yangu anamwagilia mchicha. Sasa nani anayechezea maji, mimi au yule wa stilwaya?

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Unakinga maji ya bomba kwenye ndoo tangu jana au juzi, wazi, klorini ijitokee. Unashusha mpira mwembamba mpaka kwenye mchanga, unanyonya kidogo (uwe mwepesi kutoa mdomo, nimeshayameza), maji yanashuka na kinyesi na mabaki ya chakula kwenye ndoo nyingine. Sifongo unaikamua mara mbili tatu ndani ya maji hayohayo machafu, si bombani, unairudisha ikiwa bado kahawia. Kioo cha mbele unafuta ili uone ndani. Cha nyuma kiache. Sabuni isiingie hata harufu yake. Chakula ni kidogo, kinacholiwa kikaisha ndani ya dakika mbili, na siku moja moja wakilala njaa hawafi.

Kwenye idadi ndipo tamaa inapotuponza. Tangi jipya halianzi na samaki kumi na wanne. Linaanza na wawili watatu, au bora zaidi unaomba kipande cha sifongo chafu kwa mwenye tangi la zamani, unawapandikiza bakteria wake. Ukitaka gapi, chukua madume sita mpaka kumi, basi. Ukichanganya na majike, kila mwezi hivi wanazaa, na utajikuta una kijiji kizima. Tena sisi tunaishi joto la Pwani: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 20, na joto hilohilo huzidisha ukali wa amonia. Umeme ukikatika pampu inanyamaza. Samaki wachache watavuka usiku ule. Wengi utawaokota asubuhi.

Na kuna jambo linaniuma kuliko yote. Tunanunua samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni Uchina, samaki wa maji yenye ubaridi, tunamtesa kwa joto letu. Wakati huohuo chini ya Ziwa Tanganyika kuna samaki anaitwa Neolamprologus multifasciatus, dume lake haliziki hata sentimeta 5. Anaishi ndani ya nyumba tupu za konokono. Anachimba mchanga kwa mdomo, na ukisogeza kidole anatoka kupigana nawe. Ukoo mzima unatosha kwenye tangi la lita 54, na maji yetu magumu ya kisima, yale yasiyotoa povu la sabuni, anayapenda kama si ya chumvi mno. Mjerumani amemfuga na kumzalisha miaka na miaka, amemwandikia vitabu. Kijana wa Dar, nchi yenye kipande kikubwa cha ziwa hilo, hajawahi kusikia jina lake, na hana hata jina la Kiswahili la kumwitia. Washairi mpo?

Mdogo wangu alikataa samaki wengine kwa miezi miwili. Tangi likakaa na maji, pampu inanguruma, na wale wawili waliobaki. Sasa wako saba. Maji yana unjano kidogo, kioo cha nyuma kina ukijani, kokoto zinateleza. Wageni wakija wanaguna, wanamwambia mama, "Mbona watoto wako hawalisafishi lile tangi?" Mama anawajibu kwamba limesafishwa Jumamosi.

Anayebisha aje nyumbani Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Aje na ndoo yake.