Nyumba ya Kupanga na Mahali pa Motokaa



Katika mkutano wetu uliopita hapa Akheri, neno lililochukua muda mrefu kupita yote halikuwa mshahara wala uhamisho, bali nyumba. Wenzetu wengi wafanyao kazi katika ofisi za Arusha mjini wataka kuhamia huko, wawe karibu na kazi na shule za watoto, na baadhi yao wamekwisha kununua motokaa kwa mkopo. Nyumba waziona, mahali pa kuweka motokaa hawapaoni. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, lakini limekwisha kutuletea hasara na hofu, kwa hiyo tumeona yafaa tuliandike.

Zamani watumishi wengi walipewa nyumba ya Serikali pamoja na kazi. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za namna hiyo ziliuzwa kwa watumishi wenyewe. Tena mwaka 2005 ikafutwa sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikizuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo. Basi karani wa leo hujitafutia mwenyewe, akiongozwa na dalali. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kutoa ufunguo. Mtu aliyekwisha kutoa fedha nyingi kiasi hicho hana nguvu tena ya kudai lolote.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tusimulie habari zake bila kutaja jina. Alipanga nyumba mjini, wapangaji wanne katika uwanja mmoja. Dalali alimwambia, "Mahali pa gari papo," na kweli palikuwapo: motokaa ya kwanza huingia ndani, ya pili hukaa nyuma yake, na ya tatu huziba lango. Hapakuandikwa popote nani aweke wapi. Usiku mmoja mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Motokaa yake ilikuwa ndani kabisa, na yule aliyeziba lango alikuwa amesafiri na ufunguo wake. Wakatoka kwa miguu hadi barabara kuu, mama akishikwa mkono huku na huku, wakitafuta bajaji gizani. Mungu alisaidia, mama na mtoto wazima. Lakini mwenzetu asema kwamba mpaka leo hukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya motokaa ile, na siku aliyoihitaji kuliko zote hakuipata.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wenye nyumba peke yao. Mitaa ya zamani kama Kaloleni na Ngarenaro ilipangwa wakati motokaa zilikuwa chache, na nyumba zake zimekaribiana sana. Huko Njiro viwanja ni vipana zaidi, lakini na kodi nayo hupanda. Kwa hiyo yatupasa kutumia akili kabla ya kutumia fedha.

Kwanza, nenda ukaitazame nyumba usiku, saa mbili au saa tatu, wapangaji wote wakiwa wamekwisha kurudi. Ukienda mchana utauona uwanja mtupu, utadhani wakutosha.

Pili, nenda na motokaa yenyewe, uiingize na kuitoa. Kama huna, azima ya rafiki.

Tatu, mahali pa motokaa paandikwe katika mkataba: ni upande gani, ufunguo wa lango u kwa nani, na mlinzi hulipwa na nani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usione haya kuuliza. Mwenye nyumba aliye mwaminifu hatakasirika.

Nne, piga hesabu. Linganisha kodi ya nyumba yenye mahali pa motokaa na nauli ya kila siku kutoka Tengeru. Barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipanuliwa katika miaka ya 2010, na daladala hupita tangu alfajiri. Yamkini wengine wataona afadhali kubaki huku. Lakini sisi wa Akheri nasi tusijisifu: wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia zetu za udongo huteleza, na wengi wetu huacha motokaa kwa jirani aliye karibu na lami.

Zaidi ya hayo twaleta shauri moja mbele ya wanachama. Katibu afungue daftari la nyumba. Kila mwanachama anayehama aandike mtaa, kodi, miezi iliyodaiwa mbele, habari za maji, na motokaa ngapi zaweza kulala na kutoka bila kuamsha mtu. Asiandike matusi wala fitina, aandike aliyoyaona kwa macho yake. Hivyo mtumishi aliyehamishwa kutoka Singida au Mbulu, asiyemjua mtu hapa, atasoma kwanza maneno ya mwenzake kabla ya kusikiliza ya dalali.

Neno la mwisho ni kwetu wenye motokaa. Yule aliyeziba lango usiku ule naye alikuwa karani kama sisi, wala hakuwa mtu mbaya; hakufikiri tu. Basi ukiweka motokaa yako nyuma ya ya mwenzako, mwachie jirani ufunguo, nawe ukisafiri usiiache langoni. Jambo hili halihitaji mkataba wala sheria, na kila mmoja wetu aweza kulianza leo jioni.

Mhariri